Gari Lako Hilo, Mzaramo

Nyie mnaonikuta asubuhi nimekaa nje ya duka la magunia, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, mkanipa shikamoo na kupita mbio, huwa nawaitikia marahaba huku macho yangu yako kwenye mikono yenu. Naangalia mnachokula. Msinune, ni ugonjwa wa kazi. Mtu aliyesaga mahindi ya mji huu karibu maisha yake yote hawezi kumwona binadamu akitafuna bila kujiuliza kimeingia nini na kimetupwa nini. Naitwa Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa mashine ya kukoboa na kusaga, mstaafu. Nataka kuwaambia habari ya rafiki yangu Kondo, aliyekufa kwa saratani ya utumbo mpana, na ya mwanawe Shabani, aliyekataa katakata kupimwa ugonjwa uliomuua baba yake.

Lakini nitaanza na unga, maana mimi kila kitu nimekijulia kwenye unga.

Mahindi yana ganda, yana kiini, na yana ile nyama nyeupe ya katikati. Ukiyasaga yote pamoja unapata dona. Ukiyapitisha kwanza kwenye kinu cha kukoboa, ganda linatoka, kiini kinatoka, kinachobaki unakisaga unapata sembe, unga mweupe, laini, wa kuwapa wageni. Kile kilichotoka tunakiita pumba. Pumba hatukuitupa. Wafugaji wa kuku walikuwa wanakuja na baiskeli kutoka Buguruni wanaibeba yote, nasi tunawashukuru kwa kutusafishia sakafu. Hivyo kwa miaka mingi mjini hapa nyuzinyuzi za mahindi zilikuwa zinaliwa na kuku, na binadamu tukabaki na weupe.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Mponda, mzee mfupi mwenye hasira fupi zaidi. Alikuwa anachota unga unaotoka mashineni, anaumwaga kidogo juu ya kofia yake nyeupe, anaivua na kuiangalia juani. Akiona hata chembe moja ya rangi ya chai ya maziwa anasema neno moja tu: "Rudisha." Nami narudisha kwenye kinu. Siku zangu za mwanzo nilisahau kupitisha kwenye kinu mahindi ya harusi ya mtu, nikayasaga vilevile na ganda lake. Kesho yake wakaja kina mama wa shughuli, kanga zimefungwa viunoni, mmoja ameshika sufuria ya ugali kama ushahidi mahakamani.

"Haya fundi, ndiyo nini hii? Bwana harusi tunamlisha ugali wa jela?"

Mponda aliwaomba radhi, akanigeukia, na maneno aliyoniambia sitayaandika. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kukoboa mara mbili. Nilikuwa najisifu kabisa kwamba hakuna unga Kariakoo nzima mweupe kuliko wangu. Leo nikikumbuka jinsi nilivyokuwa najigamba nasikia uchungu, ingawa wateja ndivyo walivyotaka na hakuna aliyetuambia vinginevyo.

Sasa Kondo. Mimi nikisaga, yeye ndiye aliyekuwa akijaza mifuko na kuishona. Alikuwa Mzaramo wa hapahapa mjini, mrefu, mwenye sauti ya kuongozea ngoma. Na kama hamjui, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Babu zetu walikuja pwani enzi za misafara, na mizigo mabegani, wakawakuta babu zao wamekaa kivulini, na utani ukaanzia hapo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo ukacheka. Anaweza kuchukua nyama kwenye sahani yako. Hakuna ruhusa ya kukasirika. Kondo aliniita "mpagazi" tangu siku ya kwanza, nami nikamwita "mwali" kwa jinsi alivyopenda kukaa. Vijana wa mashine walikuwa wanaacha kazi kutusikiliza, nasi tulikuwa tunaoshana kwa matusi kweli kweli, bila huruma.

Mchana tulikula pamoja. Ugali wangu mweupe, na nyama ya jiko la jirani. Kondo alikuwa akimwambia mchomaji, "Nipe zile zilizokufa mara mbili," yaani mishkaki iliyoungua mpaka ikawa nyeusi pembeni. Mchicha ukiletwa anausogeza upande wangu: "Mbuzi wa Tabora, kula." Maji hatukunywa mengi, kwa sababu mashine ile ilikuwa na choo kimoja kwa watu wote wa uchochoro, na choo chenyewe ukikiona unaahirisha shida yako mpaka nyumbani. Tukazoea kujibana. Sigara tulivuta. Jioni yeye alipitia bia, mimi sikunywa, lakini nilikuwa namsindikiza kwa soda na tukasahau kwenda nyumbani. Zamani walau alibeba magunia. Baadaye akapandishwa akawa msimamizi, akapewa kiti cha plastiki, na kutoka kwenye kiti kile hakuinuka mpaka saa ya kufunga. Tumbo likaja. Tukalifanyia utani nalo.

Siwaambii haya ili mseme Kondo alijitakia. Nilimuuliza daktari baadaye, akanijibu kiungwana kwamba hakuna anayeweza kunyoosha kidole kwenye kitu kimoja akasema ndicho hiki. Nyama nyingi nyekundu, soseji na nyama za kiwandani, nyama ya kuungua, pombe, sigara, unene, kukaa siku nzima, kula bila mboga wala maharage wala matunda, vyote vinaongeza hatari. Umri unaongeza. Na damu ya ukoo inaongeza. Kuna anayeishi vizuri akaugua, na kuna mimi, niliyekula sahani moja na Kondo na bado nipo hapa nawasumbua. Lakini hatari ikiwa inapungua kwa kutembea kwa miguu mpaka Magogoni na kwa bakuli la kunde, mimi sioni kwa nini mtu aikatae.

Ilianza kama hivi. Kondo akawa anakaa chooni muda mrefu. Leo hapati choo, kesho anakimbia mara kwa mara. Watu wamejipanga nje, mimi nikapaza sauti mashine ikiwa imezimwa ili wote wasikie:

"Jamani vumilieni, Mzaramo anajifungua humo!"

Naye kutoka ndani akajibu, "Tatizo nazaa Mnyamwezi, ana kichwa kikubwa!"

Uchochoro mzima ulilala kwa kicheko. Ukawa ndio wimbo wetu. Kila akitoka namuuliza mtoto wa kiume au wa kike. Ndipo siku moja akatoka, akaninong'oneza huku anafunga mkanda, "Mpagazi, leo mwali wako kaona damu." Mimi nikamjibu palepale kwamba basi amevunja ungo, tumtafutie somo amfunde. Alicheka mpaka akakohoa. Nilicheka pia.

Nataka mnielewe hapo. Kondo alikuwa na mke, ana watoto, ana ndugu, ana shekhe wake. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kumtamkia neno lile. Mwanaume mzima wa pwani hasemi habari za haja yake. Mtani peke yake ndiye anayeambiwa, kwa sababu kwa mtani kila kitu ni mchezo. Kwa hiyo aliniambia mimi, na kwa sababu aliniambia mimi, ikawa mchezo.

Kisha likaja lile neno ambalo nyote mnalijua. Mchana kupitia mtaa wetu kuna gari la matangazo la dawa, lina spika juu na sauti imerekodiwa: "Bawasiri! Kiuno! Miguu kuwaka moto! Nguvu za kiume!" Lilipopita, kijana mmoja akapiga kelele, "Mzee Kondo, gari lako hilo!" Basi. Tangu siku hiyo damu ya Kondo ikawa imepata jina, bawasiri, na kitu kikishakuwa na jina mtu anatulia. Alinunua unga mweusi wa kuchemsha. Damu ikakata. Tukasema dawa kiboko. Baada ya muda ikarudi, akaongeza dawa, ikakata tena. Nilikuja kuambiwa kwamba ndivyo ilivyo, damu ya ugonjwa ule inakuja na kuondoka yenyewe, hata ukinywa maji ya mto Msimbazi utaona umepona.

Sikatai, bawasiri ipo na wengi wanayo, na si kila damu ni saratani. Kinachoniuma ni kwamba hatukumpa mtu mwenye macho ya kazi hiyo nafasi ya kusema ni ipi. Gari la matangazo halijawahi kumpima mtu yeyote.

Dalili nyingine zikaja mbele ya macho yetu. Mkanda wake ukaongezwa tundu kwa msumari. Nikamwambia anafunga Ramadhani kabla ya mwezi kuandama. Ngazi za ghala zikawa zinamshinda, anasimama katikati akihema, viganja vimepauka. Nikasema uzee unawahi Wazaramo. Alikuwa anajibu kila utani, lakini siku hizi nikikumbuka naona majibu yalikuwa yanafupika. Mimi ninayejisifu kwamba nasikia mashine ikianza kulegea mkanda kabla haijalegea, rafiki yangu nilikuwa nasikia kicheko chake tu.

Alianguka mchana, mbele ya mizani. Tukampeleka hospitali, mimi na mkewe, Bi Mwanaidi. Daktari alikuwa kijana mpole, akamuuliza, "Mzee, damu kwenye choo umeanza kuiona lini?"

Kondo akaangalia ukuta. Bi Mwanaidi akasema, "Damu gani, daktari? Mume wangu hana tatizo hilo."

Kondo akanigeukia mimi. Ikabidi nijibu. Nikasema tangu masika ya mwaka juzi, na ilikata kidogo kabla ya Idi, ikarudi wakati wa mahindi mapya. Nikasema na habari ya kukimbia chooni na kukosa choo, na mkanda, na ngazi. Nilikuwa nayajua yote, kwa mpangilio, kwa sababu kila moja nilikuwa nimelitungia utani. Daktari aliacha kuandika. Bi Mwanaidi akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ulikuwa unajua, shemeji."

Hakunilaumu zaidi ya hapo, hata leo. Afadhali angenilaumu.

Walimwingiza kipimo cha kamera, wakaona uvimbe, wakampasua. Ulikuwa umeshafika kwenye ini. Alitoka na kifuko tumboni cha kupitishia choo. Nilikwenda kumwona nikiwa sijui niangalie wapi, naye akafunua shuka kwa maringo. "Umeona, mpagazi? Sasa nina choo changu mwenyewe. Sipangi foleni na wewe tena." Nilijaribu kucheka nikashindwa. Akakasirika kweli, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Ukiacha kunitania," alisema, "ndipo nitajua nimeshakufa."

Yule daktari alitukalisha akatueleza. Alisema saratani hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo. Hakiumi. Kinakua taratibu, miaka na miaka. Kikionekana wakati bado ni kinyama kinatolewa kwa kamera hiyohiyo, mtu anarudi nyumbani. Na akasema watoto wa Kondo, na ndugu zake wa tumbo moja, wasingoje dalili. Wao wapimwe mapema kuliko watu wengine, kwa sababu baba amepata.

Watoto wa kike walikwenda kumuuliza daktari maswali yao. Shabani, mkubwa wao, hakutia mguu. Shabani ana kibanda cha vioo vya simu Kariakoo, kijana hodari, ana watoto wadogo, amekaa kwenye stuli tangu asubuhi, chips mayai mkononi, soda pembeni, yaani baba yake mtupu. Nilimfuata.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekwenda hospitali?"

Akaangalia kushoto na kulia, akanivuta nyuma ya pazia. "Mzee wangu, nakuheshimu. Ila mimi nikaingizwe kamera huko nyuma? Dume zima? Wana wakijua hapa mtaani nimekwisha. Mimi niko fiti, choo napata poa tu."

"Baba yako naye alikuwa fiti."

"Baba alikuwa na bawasiri ikageuka," alisema. Neno lile tena. Nilikwenda mara nyingine, na nyingine, akawa akiniona kwa mbali anamwachia mwenzake kibanda. Nilimwomba kwa upole, nikamwomba kwa ukali. Mzee anapomwomba kijana anapata "sawa baba", na sawa baba haifiki hospitali.

Kondo alifariki asubuhi ya Ijumaa, nyumbani kwake Buguruni. Alioshwa, akavikwa sanda, watu wakajaa mpaka barabarani. Jeneza lilipoinuliwa litolewe nje, mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni. Mtani ana haki yake kwenye msiba. Zamani, magoti yakiwa mazima, ningetangulia makaburini nikaruka kaburini nikakataa kutoka. Safari hii nililala kizingitini, kanzu yangu ya Ijumaa kwenye vumbi, miguu huku, kichwa kule.

"Mzaramo hatoki!" nilisema. "Nimembebea mizigo babu yake, nimemsagia unga yeye, leo aondoke hivihivi bila kuniaga?"

Kina mama walikuwa wanalia, wakaanza kucheka huku wanalia, ndiyo kazi ya mtani. Shekhe akaangalia saa akatabasamu. Vijana wakaingiza mikono mifukoni, kwa maana desturi ni mtani apewe chochote akae pembeni. Shabani alikuwa ameshika mbele ya jeneza la baba yake. Akasema, "Mpeni mzee chochote apishe."

"Sitaki hela," nikasema. "Nataka tumbo la Shabani."

Kicheko kikakatika.

"Nataka tumbo lake lote, na utumbo wake mpana, likaangaliwe na kamera kabla ya arobaini. Aniambie hapa, mbele ya baba yake na mbele ya hadhara hii, kwamba anakwenda. Akikataa, mteremsheni Mzaramo tulale naye hapa wote, mimi sina haraka."

Nilikuwa naongea kwa sauti ya utani, na machozi yananitoka, na sikuyafuta. Yale yote niliyokuwa nimeyachezea nje ya choo cha mashine nilikuwa nayasema sasa mbele ya wakwe na mashekhe: damu, choo, kamera, nyuma. Hakuna aliyeweza kunikemea. Shabani alikuwa amebeba mzigo mabegani, hawezi kukimbia, hawezi kuninong'oneza nyuma ya pazia. Waliokuwa nyuma yake wakaanza kuhamisha bega. Kisha akasema, kwa sauti ambayo ilibidi arudie ili isikike:

"Nitakwenda."

Nikainuka, nikajipangusa vumbi, nikashika jeneza upande wangu. Nilimbeba rafiki yangu. Aliniita mpagazi maisha yake yote, nikasema basi, siku yenyewe ndiyo hii.

Sasa vijana, mimi si daktari, nawaachia ya kazini kwangu tu. Dona mnaloliogopa lina siri zake. Lina mafuta ya kiini, likikaa sana linakuwa chungu, kwa hiyo saga kidogo, la wiki, usijaze ndoo. Chagua mahindi makavu, yasiyo na kuvu, upembue kwa macho yako, maana hapa ganda linaliwa. Ukishindwa dona, kula sembe yako lakini isindikize na maharage, kunde, mchicha, matembele, papai. Maji unywe. Inuka kwenye hiyo stuli. Zilizokufa mara mbili mwachie mchomaji. Na ukiona damu, au choo kikibadilika tabia wiki baada ya wiki, au unapungua bila sababu, nenda hospitali uulize. Hata kama unajisikia vizuri, ukishaanza kuzeeka waulize habari ya kipimo, na kama kwenu kuna aliyeugua, waulize mapema zaidi. Na kama una mtani aliyekuambia jambo hilo kwa kicheko, maliza kucheka kisha umshike mkono.

Shabani alikwenda kabla ya arobaini. Sikumfuata, niliogopa. Nilikuwa hapahapa nje ya duka la magunia, lile gari la matangazo likawa linapita na bawasiri yake, nami nikageuza shingo kumtafuta mtu wa kumwambia gari lako hilo. Simu ikaita. Nilingoja nisikie "shikamoo baba". Sikuisikia.

"Wee Mnyamwezi," sauti ikasema. "Walikuta kinyama. Wamekitoa, wanakipima, daktari anasema tumewahi. Tumbo lako liko tayari, mpagazi. Njoo ulibebe."

Nilicheka peke yangu mpaka wapita njia wakageuka. Halafu nikaishusha simu nikalia, kwa sababu ilikuwa ni sauti ya Kondo kinywani mwa mwanawe, na Kondo mwenyewe hatukumuwahi.